Ndiva Imejaa, Mfumwa Hayupo

Jumatatu, 13 Julai 1959

Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne. Hesabu za kugawanya. Wamekosa wote, na kosa ni lilelile moja: nilikosea mimi ubaoni Ijumaa, wakanakili. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mwezi wa tano nilikosea namna hiyohiyo wakanicheka mpaka nami nikacheka. Sasa hawacheki. Baba amekufa mwezi uliopita, na mimi nimegeuka kitu kingine machoni pa watoto.

Niliwauliza kama waliliona kosa. Wote wakatazama miguu yangu. Mmoja wa nyuma akasema, "Tuliliona, Mfumwa."

Mfumwa! Mfumwa alikuwa baba, mtawala wa mlima huu. Mimi ni mwalimu. Nikamwambia aseme "Mwalimu" mara tatu. Akasema mara tatu, vizuri kabisa. Kengele ilipolia akapita mlangoni akasema, "Asante, Mfumwa."

Nimevunja chaki nzima kwa hasira.

Jumatano, 15 Julai

Mzee Kajiru alikuja shuleni. Ndiye mkuu wa wazee wa baraza, alikaa mkono wa kulia wa baba miaka yote. Alivua kofia, akainama, akaniambia shikamoo. Yeye kwangu! Mzee aliyewahi kunicharaza viboko kwa kuiba miwa yake. Nikakataa kuitikia, nikamwamkia mimi. Naye akakataa. Tukasimama pale uwanjani, shikamoo mbili hewani, marahaba hakuna, na darasa zima linachungulia dirishani.

Amekuja kwa neno la ndiva. Naiandika desturi hii yote nione kwa macho yangu ilivyo ya kipumbavu. Ndiva ni bwawa letu la udongo, liko juu ya vitongoji vyote. Usiku linajaa, asubuhi kizibo kinang'olewa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Mfumwa akifa ndiva inafungwa. Haifunguliwi mpaka Mfumwa mpya ang'oe kizibo kwa mkono wake. Na mkono utakaong'oa kizibo hicho cha kwanza, mwenye mkono ndiye Mfumwa. Hakuna kiapo kingine. Hakuna taji. Ni gogo lililovingirishwa majani ya mgomba, basi.

Kwa hiyo nikifungua maji nimetawazwa. Nisipofungua, maharage ya watu yanakauka. Mzee Kajiru alinieleza haya taratibu, anatabasamu. Anajua amenishika pabaya.

Nilimwambia sitaki ufumwa. Akasema, "Hata baba yako alisema hivyo." Uongo. Baba alikikimbilia kile kigoda cha enzi.

Jumamosi, 18 Julai

Tarishi ameleta barua kutoka Same. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali huko, anataka watu wa mlima huu wachague wenyewe, tarehe 22 Agosti, mbele yake. Njia ni mbili. Ya kwanza: Mfumwa atawazwe, lakini awe na halmashauri iliyochaguliwa. Halmashauri iamue, yeye atie sahihi na kukalia kigoda siku za sherehe. Kama Malkia wao kule Uingereza, ndivyo barua inavyosema. Ya pili: ufumwa ukome. Watu wachague mwenyekiti, na akiharibu wamwondoe.

Nimesoma mara nne. Mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikauona mstari wa mwisho: anatumaini kwamba mimi, Mfumwa mteule, nitawaelekeza watu wangu ipasavyo. Watu wangu. Utadhani ni mbuzi.

Naandika msimamo wangu, nisije nikalegea. Baba alikuwa na akili na alikuwa mkali. Miaka yake ya mwisho akili ilikwenda, ukali ukabaki. Alikuwa anakata kesi za mashamba bila kukumbuka nani mshitaki, nani mshitakiwa. Kuna siku aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, na saa ileile akampokonya mjane shamba lake la migomba. Wote tulijua. Hakuna aliyesema, "Mzee, pumzika." Mfumwa hapumziki, Mfumwa hufa tu. Mimi nami nilinyamaza, nikaenda kufundisha hesabu.

Sitaki mtu mwingine anyamaziwe hivyo. Na hasa sitaki mtu huyo awe mimi.

Jumapili, 19 Julai

Kanisani hawakuketi mpaka nilipoketi. Mchungaji naye alisubiri. Niliinama kufunga kamba za viatu makusudi, nikakawia. Waliendelea kusimama.

Ijumaa, 24 Julai

Baraza la kwanza la kujadili barua. Nimerudi koo limekauka na kichwa kinauma. Nimewachukia wote.

Alianza Elieza, fundi cherehani, katibu wa tawi la chama. Mkali, msafi, maneno yamenyooka kama mshono wake. Alisema hivi karibuni nchi nzima itajitawala na itakuwa aibu sisi huku juu bado tunapiga magoti kwa mtu kwa sababu ya tumbo alilotoka. Wakaguna. Mzee Kajiru akajibu kwamba mwenyekiti atatafuta kupendwa, na anayetafuta kupendwa hawezi kumwambia jirani yako akurudishie mpaka. Mfumwa hahitaji kupendwa. Nakiri ilikuwa hoja. Nilikuwa nimeandaa jibu.

Nikasimama. Niliwaambia habari za huyo Malkia ambaye haamui chochote. Kama hana kazi, anakaa pale wa nini? Na kama ana kazi, nani alimchagua? Nikasema kigoda kisicho na nguvu ni kitanzi tu, leo kimefunguliwa, kesho mwenye hila atakivuta. Nikasema ya baba pia. Sikutaja mjane, lakini alikuwapo, na kila mtu alimtazama.

Nilipomaliza, baraza zima likajibu kwa sauti moja: "Ndivyo, Mfumwa."

Ndivyo nini? Nikamwuliza Mzee Kajiru, wewe umepinga sasa hivi, unanipinga au hunipingi? Akasema hawezi kunipinga, mimi ndiye Mfumwa, nikisema ufumwa ufe, utakufa kwa amri yangu. Akaongeza, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nikamwuliza mkuu ni nani. Akanionyesha kwa kidole. Watu wakapiga makofi.

Nataka wabishe! Nataka mtu mmoja asimame aseme Mwalimu Yoeli, umesema upuuzi. Wanaua ufumwa kwa heshima ya Mfumwa, na hawaoni.

Jumatano, 29 Julai

Ndiva imejaa mpaka juu. Maji yanapita kwenye mlango wa pembeni, yanaanguka korongoni, yanateremka kuelekea Kihurio. Wale wa bondeni wanamwagilia mpunga kwa maji yetu na bila shaka wanatuombea tuendelee kugombana.

Huku juu maharage yamejikunja majani. Nilipita baada ya shule. Watu wamekaa kando ya mashamba yao, mikono magotini. Hatua mia mbili juu yao kuna maji ya kuzamisha nyumba. Nikawauliza mbona hamfungui. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mtoto: "Tunakusubiri wewe."

Nikawaambia kila mtu ana mkono. Kizibo ni gogo. Wakacheka kidogo, kwa adabu, namna wanavyocheka mkubwa akitania.

Mke wangu Nakijwa ameniuliza leo jioni, akiwa anachambua mboga, kwa nini nisifungue halafu siku ya baraza nikatae kigoda. Nimemweleza. Nikifungua, kura haina maana, watakuwa wameshapata Mfumwa na watakwenda barazani kunishangilia. Alisikiliza. Kisha akasema shamba letu la juu limebakiza wiki mbili.

Hajui siasa, lakini maharage anayajua.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Same. Nilitembea hadi Gonja alfajiri, nikapata lori la mkonge, nimekaa juu ya marobota na vumbi lote la tambarare limeingia masikioni. Bwana Shauri alinipokea vizuri. Chai. Biskuti. Hilo nalo liliniudhi, maana tarishi aliyesimama mlangoni ni mkubwa kuliko mimi na hakupewa hata maji.

Nilimwomba aandike amri ndiva ifunguliwe na yeyote, kabla ya kura. Akasema kwa Kiswahili chake cha kunyoosha kwamba hawezi kuingilia mila. Mila! Walipotaka kodi waliingilia mpaka jikoni. Nikamwambia hivyo. Akawa mwekundu, akamimina chai nyingine.

Kisha akaniambia, kwa siri ya kirafiki, kwamba yeye angefurahi nikikubali kigoda na halmashauri. Ni rahisi kuzungumza na mtu mmoja aliyesoma. Ukiwa na mwenyekiti, alisema, leo huyu, kesho yule. Nikamjibu kwamba ndiyo faida yake. Alidhani natania.

Nimerudi miguu imevimba. Nimekasirika mpaka njaa imekatika.

Alhamisi, 6 Agosti

Elieza amenimaliza nguvu. Alikuja shuleni na daftari la majina. Nikadhani anataka tupange namna ya kuzungumza na watu nyumba kwa nyumba, tusikie wanavyofikiri. Hapana. Anataka nipige baragumu, niite mlima mzima, niwaamuru wasimame upande wa mwenyekiti. Neno moja tu, alisema, na kazi imekwisha.

Nikamwuliza, na wewe? Wewe mwenye kusema habari za tumbo alilotoka mtu? Akasema tutumie mwiba kutoa mwiba. Nikamfukuza. Nilitumia sauti ambayo sikuipenda, na alipofika nje alisema, "Samahani, Mfumwa." Hata yeye!

Sina mtu. Wale wanaotaka Mfumwa wananitaka mimi, na wale wasiotaka Mfumwa wanataka amri yangu.

Jumapili, 9 Agosti

Mama amekuja baada ya ibada. Hakuketi. Amesema baba yangu alikuwa na makosa yake lakini hakuna mwaka watu walikosa maharage. Amesema, "Yoeli mwanangu, unataka usafi wa mikono, na watu wanataka kula." Akaondoka na fimbo yake. Sikumsindikiza.

Nakijwa ameuliza mara ya pili. Fungua, Baba Naomi. Nikasema hapana. Akauliza kama napenda maneno yangu kuliko shamba. Nikasema siyo maneno, ni haki. Akauliza kama haki ikishinda itachemka kwenye chungu. Nikapiga meza. Mtoto wetu Naomi akaamka analia.

Ninaamini nina haki. Naandika tena: ninaamini nina haki.

Jumatano, 12 Agosti

Sijafungua. Hawajafungua. Matuta ya chini ya Mzee Kajiru yamekauka kabisa, ukiyagusa majani yanavunjika. Anapita pale kila siku, na bado ananiamkia shikamoo.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimefanya jambo baya leo. Naliandika lilivyo.

Saa tatu, katikati ya somo la jiografia, nikasikia kelele kutoka juu. Siyo msiba, siyo moto. Kelele za watu wasiojua wapige kelele gani. Nikatoka, watoto nyuma yangu. Mifereji ilikuwa na maji. Maji mekundu yenye takataka za miezi miwili, yanasukuma majani mbele yake, yanaingia mashambani kwa watu ambao hawakuwa hata na jembe mkononi. Wazee wawili walikuwa wanajaribu kuyazuia kwa miguu.

Nikapanda hadi ndiva. Nakijwa alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini, kanga imelowa, gogo la kizibo kalishika kifuani kwa mikono yote miwili. Peke yake. Kando wanawake kama kumi na vibuyu vyao. Mzee Kajiru ameketi chini kwenye nyasi, ameshika kichwa.

Wakati ule ningeweza kucheka. Ningeweza kumshukuru Mungu. Mwezi mzima namtafuta mtu mmoja mwenye mkono.

Badala yake nikapiga kelele. Mbele ya wote. "Nani amekupa ruhusa?" Nikamwuliza mara mbili. Nikasema nyumba yangu ina mwenyewe, na neno langu likishasemwa limesemwa. Nikamwambia arudishe gogo.

Ni sauti ya baba. Neno kwa neno, mpaka ule mkono wa kuonyesha chini. Nilijisikia nikisema na sikuweza kuacha. Ubaya zaidi ni kwamba wote pale waliinamisha vichwa. Walitulia. Nadhani walifarijika, maana mwishowe Mfumwa alikuwa amefika.

Nakijwa peke yake hakuinamisha kichwa. Alisema, siyo kwa sauti kubwa, "Ulisema kila mtu ana mkono." Kisha akalitupa gogo majini na kupita katikati yetu akaenda shambani kwake kupokea maji.

Jumamosi, 15 Agosti

Nakijwa hajaniuliza kitu. Chakula kimewekwa mezani, maji ya kunawa yamewekwa. Naomi anatutazama kwa zamu.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilitaka mlima mzima unikatalie. Mtu mmoja amenikatalia na nimemvunjia heshima mbele ya majirani.

Nimejikasirikia leo kuliko nilivyomkasirikia mtu yeyote mwezi huu, na mwezi huu nimekasirikia wengi.

Jumanne, 18 Agosti

Wazee wamekaa siku mbili kuamua kilichotokea Ijumaa. Wamekunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, pipa zima. Tatizo lao ni hili: mkono uliong'oa kizibo ndio mkono wa Mfumwa. Sasa ama Mfumwa wa mlima huu ni Nakijwa, mke wa mwalimu, ama desturi ni majani ya mgomba tu. Hawawezi kusema la kwanza na hawathubutu kusema la pili.

Uamuzi wao: kizibo kiling'oka chenyewe. Panya walikula majani. Walilitangaza hili kwenye baraza wakiwa wamekaza nyuso, mbele ya watu walioona kwa macho yao. Kisha wakaziba tena.

Nakijwa alisimama nyuma kule wanakokaa wanawake, akasema, "Hakuna panya. Nilifungua mimi." Wakajifanya hawakusikia. Nilikuwepo. Nilitaka kusimama kando yake. Nilinyanyuka, nikaona kila shingo inageuka kuniangalia nitasema nini, nikajua nikisema tu, litakuwa neno langu na siyo lake. Nikaketi. Sijui kama yeye alielewa hivyo. Nadhani aliona mume ameketi, basi.

Alhamisi, 20 Agosti

Jana asubuhi ndiva ilikutwa wazi. Wazee wakaziba. Leo imekutwa wazi tena. Hakuna anayejua ni nani, yaani kila mtu anajua na wako wengi. Mchana nilimkuta mwanamke ambaye hajawahi kuniangalia usoni akibishana na Mzee Kajiru kuhusu zamu. Amemwambia zamu yake ilikuwa saa nne, siyo saa tano, na kama panya wanafungua basi panya wapange zamu.

Mzee alivuta kofia yake chini. Akaenda zake.

Jumamosi, 22 Agosti

Kura. Bwana Shauri alifika na meza ya kukunja. Karatasi yake inasema wanaochagua ni walipa kodi, maana yake wanaume. Elieza akakubali palepale, fundi wangu wa haki. Nikapinga. Bwana Shauri akasema, kwa masikitiko, kwamba kanuni ni kanuni. Basi wanawake hawakuhesabiwa. Lakini hawakuondoka. Walisimama ukingoni mwa uwanja, wengine matope bado miguuni, na kila mwanaume aliyetaka kwenda upande mmoja alipaswa kupita mbele yao. Nakijwa alikuwa katikati yao, Naomi mgongoni.

Mistari miwili. Upande wa mkuyu kwa Mfumwa na halmashauri, upande wa ukuta wa shule kwa mwenyekiti. Nilikuwa nimeapa sitasimama popote mpaka wote wamalize. Wakanisubiri. Bwana Shauri akatazama saa. Tukakaa hivyo, uwanja mzima unamtazama mtu mmoja, mpaka nikataka kulia kwa hasira.

Aliyeanza ni Mzee Kajiru. Alitoka mbele, akapita karibu yangu, hakuvua kofia. Akasema mbele ya watu, "Mwalimu, umekosea tangu mwanzo. Umekosea na umetunyima maji." Akaenda kusimama mkuyuni.

Mwalimu. Ndilo jina nililolitaka tangu mwezi wa sita. Liliniumiza vibaya. Uso uliwaka. Nusu yangu ilitaka kumwuliza anajua anazungumza na nani.

Baada ya hapo watu walianza kutembea. Kweli walitembea. Ndugu wawili wakaachana katikati ya uwanja wakitukanana. Mjane wa migomba hana kura, lakini mwanawe alikwenda ukutani bila kunitazama. Mwanafunzi wangu wa zamani alikwenda mkuyuni. Nilikwenda ukutani mwisho, hakuna aliyejali.

Tumeshinda kwa watu thelathini na mmoja. Ufumwa wa mlima huu umekoma. Elieza alibebwa juu juu. Nilimtafuta Nakijwa, alikuwa ameshakwenda. Zamu yake ilikuwa saa nane.

Jumamosi, 29 Agosti

Wamechagua mwenyekiti. Elieza alikuwa ameshashona koti jipya. Wamemchagua Mzee Kajiru.

Nilikasirika dakika tano hivi. Nikamwendea kumwuliza kwa nini amekubali kazi aliyoipigia kura isiwepo. Akasema, kwa sababu wamemwomba, na kwa sababu mwakani wanaweza kumwondoa na yeye ni mzee, anahitaji mtu wa kumwondoa. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba.

Jumatatu, 31 Agosti

Msaragambo leo, kazi ya mlima mzima kuzoa tope la ndiva. Mwenyekiti alipiga baragumu mwenyewe, vibaya, amekosa pumzi. Shule imefungwa. Nilikwenda na jembe la mama. Sijawahi kuingia ndani ya ndiva. Watoto wa Mfumwa hawachimbi.

Tulijipanga mstari, tunapokezana makarai ya tope kutoka chini hadi ukingoni. Nilipangwa kati ya mwanamke yule wa saa nne na Nakijwa. Sijui nani alipanga. Mikono yangu imelainika kwa chaki, nikadondosha karai la tatu. Yule mwanamke akasema nishike kwa chini, siyo kwa masikio. Nikashika kwa chini.

Nilikuwa nimepanga kusema jambo. Nilimkemea mbele ya watu, basi ilibidi niseme mbele ya watu. Nikasimama wima, nikasema Nakijwa, siku ile nilikukosea, nakuomba radhi. Nilisema kwa sauti ili wasikie. Mstari ukasimama. Wengine walitazama pembeni.

Nakijwa alininyooshea karai. Akasema, "Nimesikia, Baba Naomi. Pokea karai." Nikapokea.

Tulimaliza alasiri. Tukapitia shambani. Kati ya matuta kumi na moja, yaliyopona ni mawili, na hayo mawili yatatoa mbegu tu. Alinionyesha moja moja.

Jioni tumekula makande. Maharage ameyanunua sokoni Gonja. Ni madogo na magumu, yamechemka tangu jana. Naomi aliomba aongezewe, nikampa ya kwangu.